Madungusi ya Chumba cha Eda

1

Wa kwanza kuuawa na madungusi yale alikuwa paka wetu mwenyewe.

Aliingia kwenye kihema chetu cha kuoteshea madungusi, kupitia upenyo wa zipu niliouacha wazi, akanusa dungusi la mbele kama alivyozoea kunusa kila kitu humu ndani, nikasikia sauti kama mtama unaomwagwa juu ya bati. Nilipoinama, paka alikuwa ameshikamana na ukuta wa turubai, miba imempigilia kama ngozi inayowambwa juani. Jicho moja lilikuwa bado linanitazama.

“Toa mkono huo, Mwantumu!” Wifi yangu Mwajabu alinivuta kwa pindo la kanga hadi nikakaa chini. “Unataka na wewe uoshwe maiti?”

“Huyu ni paka wa nyumba, wifi. Yanamjua.”

“Yanamjua! Yangekuwa yanajua mtu, kaka yangu angekuwa kaburini?”

Jambo hilo lilikuwa likitukaba sote wawili, na hakuna aliyekuwa amelitamka mpaka siku hiyo.

Tangu Mto Bubu ugeuke barabara ya mchanga, maji ya Kondoa ni dungusi la Shirika la Umande. Taa ikizimwa linafungua vitundu vyake na kunywa unyevu wa hewa usiku kucha. Alfajiri linautoa chini, tone kwa tone, unapita kwenye mrija hadi ndoo iliyo nje ya kihema. Nyumba yenye madungusi haipangi foleni kwenye gari la maji. Ndiyo maana watu walianza kuuana kwa ajili yake, na ndiyo maana Shirika likaleta kizazi kipya, kinachorusha miba. Bwana shamba alitufundisha hivi: pingili inapotoa mzizi wa kwanza hushika harufu iliyo karibu nayo, na harufu hiyo ndiyo mwenye nyumba wake. Ukikata kipande ukakipanda kwingine, kumbukumbu inakwenda nacho. Njia ya kulisahaulisha ni moja tu, kulikwangua mpaka kwenye kiini, na mengi hufa kwa kukwanguliwa. Mwenye harufu ile hupita salama. Asiye nayo, Mungu amrehemu.

Mume wangu Mbaraka aliyapanda ya kwanza kwenye chumba cha nyuma, yakafika kimo chake. Kisha Ijumaa moja, ndiyo kwanza karudi msikitini hata kanzu hajavua, watu waliofunga nyuso waliingia. Walinifungia jikoni kwa nje, wakamkatakata mbele ya kihema. Nilisikia yote. Nilimsikia akiniita, nikamsikia alipoacha kuniita, na panga bado nikalisikia likiendelea. Kisha wakayakata madungusi wakayabeba. Haukuruka mwiba hata mmoja. Madungusi ya ulinzi yalisimama kama mbuzi wa mnadani.

Nilimwosha mwenyewe. Palipokuwa na mbavu, mkono wangu ulizama.

Zilibaki pingili chache juu ya kabati. Mbaraka alikuwa amezikata akaziweka pale vidonda vyake vikauke, kwa maana pingili mbichi ukiifukia inaoza. Nikaingia eda nazo. Mwanamke aliyemo eda hatoki bila dharura, hajipambi, hajitii manukato, hafukizi udi. Na foleni ya gari la maji iko nje. Mwajabu, dada wa marehemu, alihamia kwangu kunisitiri. Alikwenda foleni na ndoo nzima akarudi na nusu, nyingine imemwagika kwa kupigana vikumbo. Ndipo nikamwambia tusimamishe kihema kidogo, humu humu chumbani.

Tulikisimamisha asubuhi hiyo ya paka. Fimbo za alumini tulizichomeka kwenye pembe zake. Moja ilikuwa imepinda, nikainyoosha kwa goti. Turubai lake ni jeusi kwa nje, na kwa ndani linang’aa kama karatasi ya pakiti ya sigara, ili mwanga usipotee. Taa tuliining’iniza kwa mnyororo: ukiishusha sana inaliunguza dungusi, ukiipandisha sana linarefuka jembamba kama mgonjwa. Feni ndogo tukaiweka ubavuni, maana dungusi linachukia hewa iliyolala. Udongo ulikuwa mchanga wa mtoni, kokoto na mkaa uliopondwa. Mwajabu akaleta samadi.

“Samadi peleka kwenye mchicha,” nikamwambia. “Hili ukilishibisha linakufa.”

“Kama wanaume wengine,” akasema, na tukacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Pingili kavu hulala. Tulizishika kwa mikono mitupu na hazikutufanya kitu. Tulipozimwagia maji kidogo ndipo zilipoamka, na paka akaingia.

Nilitaka kumtoa asiozee mle. Nikaizungusha kanzu ya Mbaraka kwenye mpini wa fagio iwe ngao, ile kanzu yake ya Idi ambayo sikuwa nimepata moyo wa kuifua, nikaisukuma ndani. Miba ikalala chini yote kwa pamoja, kama manyoya ya kuku anayetulizwa.

Mwajabu akaanza kulia. “Yamemjua. Yamemjua kaka yangu.”

Nilimkokota paka nje kwa fagio, kisha nikainusa kanzu. Jasho la Mbaraka nalijua, na halikuwamo tena. Palikuwa na udi. Nyumba hii ilifukizwa udi tangu nilipoolewa, nguo, mashuka, hadi mapazia, na Mbaraka alipopanda dungusi lake la kwanza chetezo kilikuwa kinafuka palepale kando yake.

“Si yeye, wifi,” nikasema. “Yanaujua udi wetu.”

Akafuta machozi. “Basi fukiza tuishi kwa amani. Kipande si unacho sandukuni?”

“Nimo eda.”

“Mungu anajua hali yetu, Mwantumu.”

“Anajua. Ndiyo maana siwezi kumdanganya. Maji yanatoka kwa mrija, hatuna haja ya kuingia.”

Alinuna siku ile na iliyofuata. Kihema tukakifunga zipu, tukaishi nacho chumba kimoja kama watu wanaoishi na mbwa wa jirani.

2

Kizazi kile hukua upesi. Kabla eda yangu haijafika nusu, madungusi yalikuwa yamefika kimo cha kifua na ndoo ilikuwa ikijaa kila alfajiri. Jirani wakajua, kwa maana Mwajabu hakuonekana tena kwenye foleni.

Ilikuwa Ijumaa, wanaume wote wako msikitini. Nilikuwa nimekaa juu ya mswala. Mlango wetu ulikuwa mpya. Alikuwa ameuweka Hemedi, seremala wa mtaa wa pili, baada ya msiba, na malipo alikataa. Haukuvunjwa. Niliona kisu kimepenya kwenye upenyo kutoka nje, kikaliinua komeo taratibu, kama mtu anayefungua kwake.

Wakaingia wawili, nyuso zimefungwa, mapanga mkononi.

“Tulia hapo hapo, mama,” mmoja akasema. “Sisi na wewe hatuna ugomvi.”

Mwajabu alitokea jikoni na mchi. Hakuuliza jambo. Alimpiga aliyekuwa karibu begani, nikausikia mfupa ukilia. Mwenzake akageuka na kumtia Mwajabu mpini wa panga mdomoni. Wifi yangu alianguka juu ya ndoo, akainuka, akapigwa tena, akaanguka na meno yake yakabaki sakafuni kama punje za mahindi. Yule aliyempiga akamkanyaga mkono hadi mchi ukamtoka.

“Unaona ulivyojitakia?” akasema akihema. Kisha akakitazama kihema.

“Usiingie humo,” nikamwambia. “Nakuambia mbele ya Mungu, yatakuua.”

Akacheka ndani ya kitambaa chake. “Haya hayarushi, mama. Tunayajua haya.”

Nililisikia neno hilo, nikaliweka moyoni.

Alivuta zipu, akainama, akaingia na panga mbele ili ayakate kwa chini. Sauti ikawa ileile ya mtama juu ya bati, ila sasa lilikuwa gunia zima. Mwenzake, yule wa bega, alikuwa amesimama mlangoni mwa kihema akisubiri kupokea. Miba iliyompita wa kwanza ilimpata yeye kooni na machoni. Alijishika shingo kwa mkono mmoja mzima, akazunguka, akaugonga ukuta, akatoka nje akikimbia bila kuona njia. Alianguka kwenye ngazi ya uani, akapiga miguu kama kuku, akatulia. Sikuwa nimemjua mtu huyo, na sikumjua hata alipofunuliwa uso.

Yule wa ndani alikuwa hai. Alilala ubavu kati ya vyungu, kitambaa kimechanika kikamtoka usoni. Miba ilikuwa mashavuni, kwenye ulimi, chini ya kucha. Dungusi la ulinzi hulenga pumzi. Kila alipovuta hewa, mwiba mwingine ulimwingia, na mwiba ukishaingia sumu yake hulaza nyama, mkono, mguu, mpaka ifike kifuani. Alikuwa na muda wa kuiva sufuria ya wali, pengine pungufu.

Alikuwa Hemedi seremala.

“Shemeji,” akasema. Alizoea kuniita hivyo, kwa sababu Mbaraka alikuwa akimwita kaka. “Shemeji, nitoe.” Mwiba ukamwingia mdomoni, akalia kama mtoto. “Mbona siku ile hayakurusha? Siku ile hayakurusha hata mwiba mmoja!”

3

Mwajabu alikuwa amekaa ameegemea ukuta, kanga yake imeloa damu kifuani. Aliinua uso polepole.

“Umesikia?”

“Nimesikia.”

Nilikuwa nimesikia zaidi ya hilo. Ijumaa ile ya Mbaraka nilikuwa nimefukiza nyumba nzima kama ilivyo kawaida yetu, na moshi ulikuwa mzito vyumbani. Wauaji walisimama ndani ya udi wetu. Kwa madungusi yale, walikuwa wenye nyumba. Leo nyumba haikuwa na udi, na Hemedi alikuwa ametegwa na kitu kilekile kilichomwacha apite.

“Basi kaa,” Mwajabu akasema. Maneno yalimtoka yakiwa na mapovu mekundu. “Kaa hapo hapo juu ya mswala wako. Mle haingii mtu bila udi, na wewe umo eda. Si ulisema mwenyewe? Nilipigwa vikumbo kwa ajili ya eda yako. Leo Mungu amekufunga mkono, mshukuru.”

“Mama,” Hemedi akaita. Sasa hakuthubutu kuniita shemeji. “Mama, mguu siusikii.”

“Na kaka yangu aliusikia?” Mwajabu akapiga kelele. “Aliusikia, mbwa wewe? Ulikula wali wa matanga yake! Ulilibeba jeneza lake, kwa bega lako hilo!”

Nilitafuta ndani yangu mahali panapomhurumia Hemedi, sikupaona. Nilitaka afe. Nilitaka afe polepole, na nilikuwa nimekaa juu ya mswala nikilitaka hilo. Katika Kondoa nzima hakuna ambaye angenilaumu. Shehe angesema nimeshika mipaka yangu. Ningeweza kuvuta tasbihi mpaka sauti ile ikome, na watu wangesema, mjane mcha Mungu huyo, hata siku ile hakuvunja eda.

Hilo ndilo lililonisimamisha. Niliona jinsi lilivyokuwa rahisi.

“Unakwenda wapi?” Mwajabu akauliza.

“Sandukuni.”

“Mwantumu.”

“Eda hii nimeikaa kwa ajili ya Mbaraka. Sikuikaa ili iwe panga.”

“Ni damu ya kaka yangu!”

“Ndiyo. Ina wenyewe, mimi na wewe, na kuna mahakama. Mti haukupewa damu hiyo.”

Kipande cha udi kilikuwa chini kabisa, kimefungwa kwenye kitambaa, nimekiweka kwa siku ya kutoka eda. Nikachukua chetezo, nikatia makaa ya jikoni. Niliporudi, Mwajabu alikuwa amesimama njiani, mikono imetanuka. Alikishika chetezo kwa viganja vitupu. Tukavutana juu ya makaa, watu wazima wawili, tukihema kama ng’ombe. Makaa yakamwagika, mengine yakaniingia kifuani ndani ya nguo, mengine yakamng’ang’ania yeye kwenye kiganja, nayo nyama ikanuka. Hakuachia.

Nikampiga. Sikuwahi kumpiga mtu mzima maishani mwangu. Nilimpiga palepale mdomoni palipokuwa pamevunjika, akapiga magoti, nikakipata chetezo na makaa mawili matatu yaliyobaki.

Udi ukashika. Nilikipitisha chini ya kanga, nikafukiza nywele, viganja, pumzi yangu. Baada ya miezi ile ya sabuni tupu, harufu ilinizunguka kama mtu aliyerudi safari, nikasikia haya na nikasikia raha, vyote pamoja. Nikamwambia Mola wangu, unaona. Nikaingia.

Miba ikalala. Ilinigusa mabegani nikipita, laini, kama nyasi zenye umande. Hemedi alinitazama kwa jicho lililobaki. Nilimshika makwapani nikamvuta, naye alikuwa mzito kama mlango aliotutengenezea. Alipofika nje ya zipu alinishika kifundo cha mguu kwa mkono uliokuwa bado na uhai, akasema kitu ambacho ulimi wake haukuweza kukimaliza.

“Nyamaza,” nikamwambia. “Usitumie pumzi.”

Nikaanza kumng’oa miba kwa koleo, ya shingoni kwanza. Moshi ulikuwa umejaa chumba. Nikaona kivuli ukutani: Mwajabu amesimama nyuma yangu, na panga aliloliangusha mwenzake Hemedi ameliinua juu.

Sikuinuka. Nguvu za kupigana naye mara ya pili sikuwa nazo.

“Ukimkata, wifi,” nikasema, “mkate ukimtazama usoni. Mti haukuwa na macho. Wewe unayo.”

Alimtazama. Hemedi alikuwa akilia bila sauti, mkojo umemtoka, uso umevimba hadi haukuwa wa mtu. Mwajabu akatoa sauti ambayo sijaisikia tena, akageuka, akaingia kihemani.

“Nyinyi mlimtazama!” Akakata. “Mlisimama mkamtazama!” Akakata. Fimbo za alumini zikapinda, taa ikapasuka, turubai likamwangukia na bado akakata ndani yake. Alikuwa ameloa moshi wangu, na madungusi yakamwona mwenye nyumba. Hayakurusha. Yalikatwa yamesimama vilevile, kama siku ile.

Maji yakatoka. Sikuwahi kujua kwamba yalikuwa yamebeba kiasi hicho. Yalitiririka sakafuni, yakazoa makaa, meno, damu, yakafika kwenye shavu la Hemedi. Akatoa ulimi wake wenye miba, akayalamba.

4

Wanaume walipotoka msikitini waliona maji yamevuka kizingiti chetu, wakaingia mbio. Walimkuta Hemedi amefungwa kwa kanga zangu. Walitaka kummalizia uani kwa matofali. Wawili walikuwa wameshayaokota. Mwajabu akasimama mlangoni, mdomo umevimba kama boga.

“Aliyemtoa mle si nyinyi,” akawaambia. “Mpelekeni polisi. Na akifika amekufa, nitataja majina.”

Akafika hai. Mkono wa kulia haukurudi, wala jicho. Kesi yake ikaanza, na nikatoa ushahidi wangu nikiwa nyumbani.

Eda niliendelea nayo. Kuhusu udi ule sikumwomba mtu radhi. Niliomba kwa Mwenyewe. Maji yalirudi kuwa ya foleni. Mwajabu alikwenda na ndoo, mkono umefungwa kitambaa, na siku nyingi hatukusemezana zaidi ya “chumvi” na “mlango”.

Katika mabaki ya kihema nilikuta pingili moja haikukanyagwa. Kidonda chake kilipokauka nilichukua kisu nikakikwangua upya mpaka kwenye kiini, nikaiacha ife au isahau. Haikufa. Siku nilipoona nundu nyeupe ya mzizi ikitaka kutokeza, Mwajabu alikuja akasimama karibu.

“Lifundishe harufu yako,” akasema. “Yako peke yako, wifi. Asipite mwingine tena.”

Ndio wakati huo Mama Hemedi alipopiga hodi. Alikuwa amekuja mara kadhaa na kurudishwa na Mwajabu. Siku hiyo nilisema apite. Aliketi sakafuni, mbali na mkeka, hakugusa kahawa. Alisema hakuja kuomba msamaha wa mwanawe, kwa kuwa hajui uombwe vipi. Alikuja kwa sababu watu wamemwambia kwamba mimi ndiye niliyeingia.

“Lete mkono,” nikamwambia.

Akaunyoosha kama anayesubiri kupigwa. Nikamwekea pingili kiganjani.

Mwajabu alielewa kabla yake. “Mwantumu! Huyu atakuwa anaingia humu kuchota maji, mpaka tufe?”

“Ataingia.”

Mwajabu akatoka nje, lakini hakwenda mbali. Niliiona kanga yake mlangoni, pale pale, na mkono wake wenye kovu la makaa umeshika fremu.

“Nilishike mpaka lini, mwanangu?” Mama Hemedi akaniuliza.

“Mpaka litoe mzizi.”

Nikaweka kiganja changu juu ya chake, pingili ikawa katikati. Mkono wake ulinuka vitunguu na sabuni ya mche. Wangu pia.